"Imechacha" sio hukumu: bia chachu za matunda uani kwetu Moshi

Shemeji yangu kaja likizo kutoka Ubelgiji na begi ambalo nusu yake ni chupa, kila moja kaivalisha soksi halafu kaizungushia taulo. Anakaa Ghent na dada, anajua mi kazi yangu ni kuonja kahawa, akaniambia safari hii hakuna chokoleti, nimekuletea kazi. Basi Ijumaa jioni tukakaa uani, mi na yeye na mama na jirani yetu mmoja fundi umeme, tukafungua ya kwanza, jirani akanusa, akapiga funda moja, akaiweka glasi chini taratibu akasema, "Kaka, pole, hii imechacha."

Alisema kwa huruma kabisa, aliona mzigo wote ule umeharibikia njiani. Mama ndo akamjibu, "We baba, mtindi nao ukiukuta kwenye friji unasema umechacha?"

Tangu siku ile silali vizuri na hilo neno. Maana mama kagusa penyewe. Maharage ya juzi yamechacha, unamwaga. Maziwa uliyoyasahau yamechacha. Ila mtindi umeganda, togwa imechachuka, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, imeiva, na vyote vitatu ukiviweka ulimini ni vichachu kweli kweli. Kwahiyo sisi wenyewe tunajua kuna uchachu uliotafutwa na uchachu uliokuja bila hodi, tunajua tangu utotoni, ila mtu akipewa bia kwenye glasi anasahau yote kwasababu bia alozoea inatakiwa iwe baridi, na chungu kidogo, basi. Mi nataka niwaambie jinsi ninavyoionja bia chachu ya matunda, kwasababu naamini ulimi wa mtu wa huku una faida ambayo wengi hawajui kama wanayo.

Nianze na maneno maana maneno tunayo na ni mazuri mno. Uchachu ni uchachu, ule wa mtindi, unakuja polepole na unakaa katikati ya ulimi. Ugwadu ni wa embe bichi, unakuvuta taya na mate yanatoka kabla hujatafuna. Ukakasi sio uchachu kabisa, ni kule kukauka na kukwaruza kwa ndizi mbichi au ganda la zambarau, ulimi unakuwa kama umepigwa msasa laini. Halafu kuna ukali, ule wa siki, unaopanda puani na kuchoma koo. Watu wanavichanganya vyote wanaviita "chachu" halafu wanashindwa kueleza kwanini bia moja imewapendeza na nyingine imewachosha. Kazini kwetu kwenye meza ya kahawa hilo huwezi kulifanya, asidi ina alama zake peke yake, na kahawa ya milima hii ikioshwa vizuri inanunuliwa kwasababu ya uchachu wake safi, wa limao na tufaha, mtu analipa hela kwa ajili ya huo. Sasa kwanini kwenye bia iwe kosa?

Kila tunda lina asidi yake. Pesheni na ndimu ni sitriki, inapiga haraka inaondoka haraka. Tufaha na cheri ni maliki, inakaa zaidi kwenye mashavu. Ukwaju ni tartariki, nzito, ile inayokukunja uso. Na bia chachu kabla haijaona tunda inakuwa na asidi ya laktiki, ileile ya mtindi, iliyotengenezwa na bakteria walewale wa jamii ya Lactobacillus, na wakati mwingine Pediococcus. Kwahiyo ukiwa na glasi mkononi swali la kwanza sio "ni chachu?", swali ni uchachu huu ni wa nani, wa bakteria au wa tunda, na je wanasaidiana au wanagombania mdomo wangu.

Chupa ya kwanza imeandikwa Kriek, yaani lambiki ya cheri. Lambiki ni bia ya pande za Brussels na bonde la mto Senne, inapikwa kwa kimea cha shayiri na ngano mbichi, na hawaitii hamira hata kidogo. Wakishachemsha wanamwaga ule mchuzi kwenye chombo kipana kifupi juu darini, wanauacha upoe usiku kucha, na wadudu wa hewani wanaingia wenyewe, ndo maana wanapika miezi ya baridi tu, kama Oktoba mpaka Aprili, joto likizidi wanaingia wasiotakiwa. Inakaa kwenye mapipa ya mbao mwaka, miwili, hata mitatu. Halafu ndo cheri zinatupwa humo miezi kadhaa. Kuna kiwanda kinaitwa Cantillon, kipo Anderlecht tangu mwaka 1900, wao wanatia kama gramu 200 za matunda kwa kila lita. Gramu 200! Chukua gilasi tano za juisi halafu fikiria bakuli la zambarau limezama humo.

Nikaimimina kwenye glasi ya mvinyo, sio bilauri refu, maana harufu inahitaji pa kukusanyikia. Haikuwa baridi sana, niliitoa friji nikaiacha kama nusu saa, ukinywa bia chachu ikiwa barafu unapata ukali tu, tunda linalala. Rangi ni ya rosela iliyokolea, povu la pinki ambalo linakufa mapema, na hilo la kufa povu sio kasoro, asidi nyingi povu halidumu. Nikanusa mara mbili fupi. Kwanza tunda jekundu, halafu kitu nyuma yake ambacho kilinichukua dakika nzima kukipata, lozi. Yale mafuta ya lozi mama anayopaka! Na hiyo haijatiwa, inatoka kwenye kokwa za cheri, zinalowa humo na mbegu zake. Halafu chini kabisa, nyasi kavu, mkanda wa ngozi, na banda la mbuzi asubuhi. Jirani hapo ndo alipokata tamaa. Ila hiyo harufu ina mwenyewe, ni hamira inaitwa Brettanomyces, aliyeitangaza ni mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Denmark, Claussen, mwaka 1904, na kwenye lambiki inatafutwa kama sisi tunavyotafuta moshi kwenye maziwa ya kibuyu.

Funda la kwanza siliamini kamwe. Mdomo umetoka kwenye chai ya sukari, umetoka kwenye chapati, ukikutana na kitu cha pH tatu na ushee (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka uchachu unapanda) unashtuka tu, hiyo sio ladha, huo ni mshtuko. Nameza, nasubiri mate yatulie, nakunywa la pili. Kwenye la pili nasikiliza taya. La tatu ndo natafuta tunda. Na hapa ndipo palipo na siri ya bia hizi, tunda likichachushwa mpaka mwisho sukari yake yote inaliwa, haibaki hata chembe, kwahiyo unachokutana nacho ni tunda lililovuliwa utamu wake. Fikiria embe ambalo sukari yake imeondolewa kimyakimya. Linabaki nini? Inabaki harufu, asidi, rangi na ule ukakasi wa ganda. Matunda mengine yakivuliwa hivyo yanapotea kabisa, stroberi inafifia mpaka rangi, embe nalo ni jepesi sana kupotea. Pesheni inasimama. Rasiberi inasimama. Cheri zinasimama kwasababu ya kokwa na ganda. Ile kriek ilikuwa kavu kabisa lakini puani ulikuwa unaapa ni tamu, na huo mvutano kati ya pua na ulimi ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye bia hizi.

Nikampa jirani tena baada ya robo saa, safari hii nikamwambia usinywe kama bia, inywe kama unaonja mchuzi. Akanyamaza. Akasema, "Inafanana na zambarau zile za kwanza kwanza, zenye ukakasi." Nilifurahi sana aisee, ndo maelezo bora kuliko yangu yote!

Ya pili ilikuwa nayo ya cheri ila imetiwa sukari na juisi mwishoni. Tamu, nzuri na nyama ya mbuzi yenye pilipili, mama aliipenda. Mi naona sukari imekaa mbele ya mlango, tunda na asidi wapo ndani hawaonekani. Ya tatu Berliner Weisse ya Ujerumani, nyepesi, ngano, kilevi kama asilimia tatu tu, kwao wanaitia sharubati ya rasiberi nyekundu au ile ya kijani ya majani, sisi tukatia sharubati ya rosela ya mama na ikakubali vizuri sana, kijiko kimoja tu, viwili inageuka juisi.

Ya nne ilikuwa kopo, hizi za kisasa nzito kama smuthi, embe na nazi. Hatukuinywa. Friji ilijaa nikaiweka kabatini jikoni, usiku wa pili tukasikia mlio, kufungua mlango embe lipo darini. Kwenye hizi wanatia rojo la matunda mwishoni bila kuliacha lichachuke, kwahiyo sukari yote ipo humo na hamira ipo humo, kinachozizuia ni baridi tu. Zikipata joto hamira inaamka, gesi haina pa kutokea. Kwahiyo mkiletewa za hivi, friji kwanza, maziwa baadae. Kiwanda sikitaji, kwenye kopo waliandika lihifadhiwe baridi na mi sikusoma.

Sasa nije kwenye kuharibika kweli, maana sitaki mtu atoke hapa akiamini kila kitu kichachu ni sanaa. Ukali wa siki ukiwa kidogo kwa mbali sawa, ukiwa mbele unachoma koo, hapo hewa imeingia. Harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, hapana. Harufu ya matapishi ya mtoto mchanga, hapana kabisa, mwaga. Na kuna moja ngumu kuliko zote, ya panya. Hii ukinusa haipo, ukinywa haipo, unameza, unahesabu sekunde kumi au ishirini, halafu inakuja nyuma ya ulimi kama umefungua ghala la mahindi lenye panya. Inachelewa kwasababu asidi inaificha, mate yakishapunguza asidi mdomoni ndo inajitokeza, na kuna watu hawaipati kabisa, hata iwe nyingi vipi. Ndo maana mi siandiki alama yoyote kabla ya dakika moja kupita baada ya kumeza. Watu wanaharakisha sana kutoa maksi.

Jumapili tukapanda Uru. Shemeji ni Mhaya, kakulia kwenye rubisi, ile ya juisi ya ndizi na mtama, kwahiyo kwenye mbege alikuwa na hamu kweli. Tulifika kilabuni saa tano asubuhi, tukamsalimia mzee mmoja pale, "Shikamoo meku", akatusogezea benchi. Mbege ya siku ile ilikuwa bado tamu, ndizi inasikika wazi, ulezi unaelea juu, na kwa mbali uchungu wa msesewe, gome la mti. Meku akatuambia njooni kesho mtaikuta imesimama. Nikarudi kesho yake baada ya kazi, peke yangu, na kweli, utamu umeshuka, uchachu umepanda, ndizi imehama kutoka ulimini imeenda puani. Siku moja tu! Kile ambacho lambiki inakifanya kwa miaka, mbege inakifanya ukiwa umelala, na wazee wanajua saa yake.

Na ukiangalia vizuri hizi bia ni ndugu. Ndizi zinaiva, zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, halafu unakuja uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe la uchungu. Wabelgiji nao wanatia hopsi, yale maua ya uchungu ya bia, zilizozeeka miaka kadhaa, uchungu umeshapungua, wanazitaka zizuie bakteria wasizidi. Kwetu mti, kwao ua. Mi nikisoma fomu za majaji wa bia za huko nje, zile za BJCP zenye alama 50, harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mdomo (inavyosikika mdomoni) 5, na ujumla 10, nawaza meku yule angezijaza bila kuuliza swali hata moja, mradi umsomee.

Basi nikaamua kujaribu mwenyewe, na hapa ndo nimeganda mpaka leo. Nilinunua kimea cha ulezi sokoni Mbuyuni, nikaotesha na ngano kidogo nyumbani, nikailoweka kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa saa moja na nusu, nikachuja, nikachemsha. Kisha unapooza mpaka nyuzi arobaini na kitu, unatupia kiganja cha kimea kibichi ambacho hakijapikwa, maana bakteria wa laktiki wanaishi juu ya maganda yake, na unahitaji joto hilo lisishuke siku mbili. Watu wana mashine. Mi nina chupa za chai. Tatu, za lita mbili mbili, nikamimina humo, nikafunga, nikazizungushia blanketi.

Mara ya kwanza ilikuwa matapishi. Sina namna nyingine ya kusema, nilifungua mfuniko nikarudi nyuma. Nilijaza nusu chupa, hewa ikawepo, joto likashuka usiku, wakaingia wasioalikwa. Mara ya pili nikafanya vitu viwili, nikajaza mpaka juu, na nikakamulia ndimu kwanza mpaka karatasi ya pH ikasoma nne na nusu, kwenye asidi ya hivyo wale wabaya wanashindwa kuanza na wa laktiki wanaendelea. Siku ya pili jioni nimefungua, harufu ya mtindi na mkate, safi kabisa, karatasi inasoma kama tatu na nusu. Nikaichemsha tena dakika kumi kuwaua, nikapooza, hamira, ndoo yenye mfuniko, na siku ya nne nyama ya pesheni na mbegu zake, gramu 200 kwa lita kama wale wa Anderlecht.

Hilo la gramu 200 ndo kosa. Nilikopa kipimo cha cheri nikakiweka kwenye pesheni. Pesheni ina asidi kali peke yake, na bia tayari ilikuwa chachu, kwahiyo zikakutana asidi mbili mlango mmoja. Shemeji siku moja kabla ya kuondoka aliijazia fomu kwa mkono wake, harufu akanipa 10 kati ya 12, akasema ukifungua tu chupa chumba kizima kinajua. Mwonekano 2, rangi ya chungwa yenye ukungu, sawa. Ladha 9 kati ya 20. Akaandika pembeni, "Ugwadu umemeza uchachu. Sioni bia." Nikakasirika kama dakika tano halafu nikanywa tena, funda la pili, la tatu, nikasubiri dakika yangu, na ni kweli kabisa, mtindi ulipotea, ulezi ulipotea, kilichobaki ni pesheni inapiga kelele peke yake kwenye nyumba tupu. Mdomo 2, kwa ujumla 5. Jumla 28.

Jirani alikunywa glasi mbili zote na hakulitaja lile neno.

Sasa chupa za chai zipo kwenye blanketi tena tangu jana usiku, safari hii nitaziacha kwa siku moja tu badala ya mbili ili uchachu usizidi, na pesheni nitapunguza mpaka gramu 80 kwa lita, mbegu nitachuja nusu kwasababu nahisi ule ukakasi wa mwisho ulitoka kwenye mbegu. Kuna mama mmoja pale Kiborloni kaniahidi zambarau zikianza ataniwekea kilo tano. Kwa hizo nitarudi kwenye gramu 200.